Kilipokuwa Kiwanda cha Barafu

Renata alikuja Managua kutoka Uruguay kusomea upangaji wa miji kwa muhula mmoja, na chuo kikatuomba tumpe chumba. Siku ya kwanza alitaka anwani yetu. Nikamwambia: ilipokuwa Sinema Rosal, kona mbili kwenda ziwani, nusu kona juu.

"Juu wapi, Don Erasmo? Hapa tambarare tupu."

"Juu ni jua linakochomoza."

"Na sinema yenyewe iko wapi?"

"Haipo. Ilianguka kwenye tetemeko la mwaka sabini na mbili."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Mtu anafikaje kwa kufuata kitu ambacho hakipo?"

"Mbona sisi tunafika?" akasema mke wangu Amparo. "Vaa viatu, mwanangu. Nikutembeze."

Tangu hapo wakawa wanatoka pamoja. Amparo alimwonyesha ilipokuwa benki, lilipokuwa duka la kofia, na kilipokuwa kiwanda cha barafu, jirani na nyumba ya baba yake. Renata alichora yote. Aliniambia ramani za chuoni hazina hata nusu ya mji ule. Mimi nilifurahi, maana daktari alikuwa amekwisha kutuambia kuhusu akili ya Amparo, na nilidhani kutembea kungeishikilia isiende haraka.

Kisha jioni moja Renata alinifuata jikoni nikichambua maharage.

"Don Erasmo, leo ameacha kusema 'kilipokuwa'. Anasema kwao ni kiwanda cha barafu, kona moja chini. Nilipomsahihisha akanikaripia. Eti, 'Kilipokuwa vipi, na jana nimenunua barafu?'"

Nikamwambia aache kumsahihisha.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kwa kinyozi nikakuta mlango wazi. Viatu vya Amparo vya Jumapili havikuwepo, wala mkoba wake. Majirani hawakumwona. Nilianza kwenda kanisani, Renata akanivuta shati.

"Si kanisani. Twende kwenye barafu."

Kilipokuwa kiwanda sasa ni uwanja wa majani makavu. Katika nyumba ya baba mkwe zimebaki ngazi za saruji zisizopanda popote, na juu yake alikaa Amparo, poda usoni, mkoba mapajani. Muuza mihogo wa pembeni alinipigia kelele: "Wewe mzee! Malkia mzima unamwanika juani? Mimi ndiye niliyempa maji!"

Nilimshukuru, nikamwendea. "Amparo, twende nyumbani."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani. "Nani kakwambia jina langu?"

Renata akakaa kando yake. "Unamngoja nani, Doña Amparo?"

"Mchumba wangu. Mchana anatengeneza redio, usiku anasoma. Akipata cheti tunaoana."

"Ni mzuri?"

"Mzuri wapi! Masikio kama milango ya teksi iliyoachwa wazi." Akacheka, akaficha mdomo. "Lakini akisema anakuja, anakuja."

Cheti hicho kiko ukutani sebuleni kwetu. Yeye mwenyewe ndiye anayekipangusa vumbi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye Erasmo."

Akainuka, akakumbatia mkoba. "Mzee, huna haya? Una umri wa babu yangu. Erasmo akikukuta hapa atakuvunja."

Nilijaribu kumshika mkono, akapiga kelele. Muuza mihogo akaanza kuja. Jua lilikuwa kali na midomo ya Amparo imepasuka, lakini asingeondoka na mtu mwingine; alikuwa amemwahidi Erasmo.

Nikavua kofia. "Samahani, binti. Erasmo ndiye aliyenituma. Amechelewa kazini. Anasema mkutane Sinema Rosal."

Uso wake ukafunguka. "Angalia, na mimi nakaa hapa kama mjinga! Filamu gani?"

"Hakuniambia."

Katika teksi alikaa nyuma na Renata. Mimi nilikaa mbele, kama mgeni.

"Wapi, bosi?" akauliza dereva.

"Sinema Rosal."

"Ilipokuwa Sinema Rosal," akanisahihisha.

"Sinema, kaka," akasema Renata. "Wewe endesha tu."

Tulifika nyumbani. Amparo hakuiulizia sinema. Alikaa barazani kwetu, kwenye kiti chake, akatengeneza gauni magotini, akaitazama njia. Nilimletea kahawa na kipande cha jibini.

"Ahsante, mzee. Una moyo mzuri. Erasmo akija, utaniita?"

"Nitakuita," nikasema.

Nikakaa kwenye ngazi, mbali kidogo, asije akakasirika akinikuta karibu naye.