Kaka Aliyezikwa na Biubwa

Biubwa alimuua Edmund mwaka jana, tena kwa sentensi moja tu: "Inaelekea alifariki utotoni." Hakuna aliyemwuliza kitu. Sasa, wiki ileile aliyotakiwa kuitetea tasnifu yake, msimamizi wake, Profesa Ruphin, aliweka kidole juu ya sentensi hiyo na hakukiondoa.

"Mutoto huyu, kaburi yake iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, alichokitumia wakiwa wawili tu ofisini. "Mimi sikuiona. Ulimuzika wewe mwenyewe?"

Profesa alikuwa amesema kweli.

Edmund alikuwa mtoto wa ukoo wa Wolverscote, wenye mashamba wa Uingereza wa karne ya kumi na tano. Baba yake, Ralph, alioa mara mbili. Mke wa kwanza alimzalia William na Alys, kisha akafariki. Wa pili akamzaa Edmund. Ralph alipokufa, mashamba aliyashika William, naye hakuyafaidi sana, akafa bila mke wala mtoto. Yote yakaenda kwa Alys, na Alys akaingia nayo kwa mumewe. Biubwa, mtoto wa Unguja, akajiuliza: dada atarithije kila kitu na kaka yupo hai? Haiwezekani. Basi kaka hayupo. Akamfukia, akajenga sura nzima juu ya kaburi lisilokuwepo.

Sura ile ikianguka, tasnifu imeanguka, na kibali chake cha kusoma ugenini kilikuwa kinakaribia kwisha. Jopo la watahini likimkataa Ijumaa, angerudi Zanzibar mikono mitupu. Alikuwa amekalia kuti kavu, na alijua.

Mwingine angelia. Biubwa alijifunga kibwebwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama chumbani kwake mtaani Berea juu ya picha za hati kuukuu, akipigana na Kilatini cha makarani ambao, kwa maoni yake, waliandika vibaya makusudi. Umeme ulipokatika hakungoja urudi. Alibeba kompyuta mpaka mtaa jirani wa Yeoville, kwenye duka la ushonaji la kaka yake Mselem, palipokuwa na betri kubwa.

Mselem ni kaka yake kwa baba; mama zao mbalimbali. Hakuna mteja wa Yeoville aliyewahi kuambiwa jambo hilo, kwani hakuna aliyeona kwamba ni jambo.

Hapo, katikati ya kelele za cherehani, ndipo Edmund alipofufuka. Alikuwa mtu mzima, shahidi katika mapatano ya ndoa ya binti wa Alys. Hati nyingine, ndoa nyingine, shahidi ni yeye tena.

"Wamemdhulumu!" Biubwa alipiga meza.

"Eish! Umenishtua, nimejichoma," alisema Mselem akinyonya kidole. "Nani kadhulumiwa?"

"Edmund."

"Mteja wangu?"

"Mzungu, kaka. Kafa zamani."

"Sasa mbona unataka kuniua mimi?"

Kwa hasira zake Biubwa alikuwa tayari kumwandika Alys mwizi. Lakini alishaua mtu kwa kukisia, akakataa kumsingizia mwingine wizi kwa kukisia. Kesho yake alizamia kwenye vitabu vya sheria maktabani, na jibu likamkata maini. Alys hakuiba. Shamba lilifuata damu ya aliyelishika mwisho, yaani William, na kwa William ndugu wa mama mwingine hakuhesabiwa kabisa. Angerithi ami, angerithi binamu, hata ardhi ingemrudia bwana mkubwa aliyeigawa, kabla ya kumfikia Edmund.

Ijumaa hakungoja kubanwa. Alisimama mbele ya jopo akasema sura yake ina kosa, akalieleza, akaonyesha hati, akaonyesha sheria.

Mtahini mmoja, mama mwenye sauti kavu, alimtazama juu ya miwani. "Kosa kubwa hivi. Ulilifanyaje?"

"Baba yetu alipofariki," alisema Biubwa, "aliyesimama walii kumwozesha Najma, dada yangu wa tumbo moja, ni kaka yetu wa mama mwingine. Kwetu huwezi kumruka mtu kama huyo akiwa hai. Niliposoma kwamba amerukwa, niliona lazima awe amekufa."

Yule mama alivua miwani. Walimtoa nje, wakamwita tena, wakamwambia amepita. Aiandike upya sura ile.

Alikwenda moja kwa moja Yeoville. Mselem alicheka kwa furaha hadi wateja wakageuka, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akauliza, kama mtu anayeulizia jirani, "Na huyo Edmund, kaoa nani?"

Biubwa alizipekua hati zote kichwani. Mume wa Alys alimjua, wakwe alijua, hadi wajukuu, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na shamba nyuma yake. Edmund hakuwa na shamba. Hakuna aliyemfuata kujua alilala nyumba gani, hata yeye Biubwa. Aliona haya kuliko mbele ya jopo.

"Sijui," alisema.

"Hujui? Kawasimamia ndoa watoto wa dada yake, na ya kwake hujui?" Mselem alisogeza vitambaa mezani, akamwachia nafasi. "Kaa hapa, mtafute."

Biubwa alivuta kiti, akawasha kompyuta.