Mzee Mabonga na Goti la Roboti

Haya nilisimuliwa na Nelima, yule anayeniletea mboga za saga na kunde hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, Jumatano ya wiki iliyopita. Mvua ilimfungia kwangu, nikampa chai, akakaa kwenye stuli akaanza kuongea. Nimeandika kama alivyosema. Pale nilipomkatiza kwa maswali nimeandika pia, maana bila kuuliza nisingeelewa kitu.

Nelima ameolewa na Murunga, wanapanga chumba kimoja huko Yamumbi pamoja na mtoto wao mdogo, Lusweti. Hatua chache kutoka mlangoni kwao Murunga ana banda la mabati la kuonyeshea filamu, na yeye ndiye DJ. Filamu ikija kwa Kichina, kwa Kihindi, kwa Kijapani, Murunga hushika maiki akawaambia watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa.

"Kwani anajua Kijapani?" nikamuuliza.

"Hata salamu hajui, Mama."

"Sasa huwaambia watu nini?"

"Anaangalia nyuso. Mtu akikunja uso, Murunga anamwekea maneno ya hasira. Akilia, anamwekea msiba. Watu wanapenda sana."

Basi majuzi baba yake Murunga, Mzee Mabonga, aliletwa kutoka Kimilili kutibiwa macho. Daktari akasema presha ya macho imeshamaliza kazi, kuona hakutarudi. Mzee huyu zamani alikuwa hapa hapa Eldoret, fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo, miaka thelathini na moja. Sasa hata jua haoni.

Na shida haikuwa macho peke yake. Wao ni Wabukusu, na kwao baba halali ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata kwetu Wajaluo ni hivyo. Mkaza mwana naye hamshiki baba mkwe mkono. Sasa fikiria chumba kimoja, pazia katikati. Mzee alimaliza siku nane analala kwenye kiti, ameketi tu na kofia yake kichwani, anasema mtu aliyekaa kwenye kiti hajalala kwa mwanawe, anangoja tu kukuche. Miguu ikavimba. Choo kiko nje, na Murunga akiwa hayupo ilibidi Nelima amwongoze kwa fimbo, yeye ameshika ncha hii na mzee ameshika ile, wote wawili wanaona haya.

Jumamosi mzee akasema, "Keshokutwa nipelekeni steji ya matatu. Mimi narudi nyumbani."

"Kwa nani, Baba?" Murunga akauliza. "Mama hayuko tena. Nani atakupikia?"

"Nitajua huko huko."

"Na Mama," Nelima akaniambia, akaweka kikombe chini, "ile nyumba ya Kimilili ina kisima wazi, hatua sita tu kutoka mlangoni. Mtu haoni. Nilikuwa nafunga macho naona kile kisima."

Jumapili saa nane Murunga alikuwa na watu. Nelima naye hupanga mabenchi na kukaa mlangoni, kwa hiyo hapakuwa na wa kubaki na mzee. Wakaenda naye, wakamkalisha benchi la mbele karibu na spika. Hakutaka. Alikaa tu kama mtu anayengojea jina lake liitwe hospitali.

Siku hiyo Murunga alikuwa na katuni mpya ya Kijapani, zile vijana wanaita anime. Hakuwa ameiangalia hata kidogo. Banda likajaa watoto na watu wa boda boda.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Dunia imekwisha. Magorofa yameanguka, magari yameota kutu barabarani, mvua hainyeshi, watu wamebaki wachache na wako mbali mbali. Kuna msichana wa kama miaka kumi na miwili anatembea na roboti ndefu kama nguzo ya stima. Hiyo roboti zamani ilikuwa ya kufagia barabara, wenyewe wakahama wakaiacha. Imesahau yote, kufagia tu ndiko inakokumbuka. Msichana akichoka, anakuta imeshamfagilia mahali pa kulala katikati ya mawe.

"Inakula nini?" nikauliza.

"Jua, Mama. Ina kioo mgongoni."

"Na msichana?"

"Vyakula vya mikebe, vya zamani."

"Na ni nani aliiambia imfagilie?"

"Hakuna aliyeiambia. Inafanya yenyewe tu."

Murunga aliipa roboti sauti nzito, ikawa inamwita msichana "mpwa wangu". Hapo nyuma kuna mtu wa boda boda, Oyugi, mdomo wake haufungi. Akapiga kelele, "DJ, ni mjomba gani huyo hana hata shamba?" Watu wakacheka, Murunga akaendelea.

Wakafika mahali roboti inabaki nyuma. Inatembea pole, inasimama, inatembea tena. Msichana akageuka, akaiangalia, akakunja uso. Murunga akauona huo uso, akashika maiki vizuri.

"Msichana anasema, 'Anko, umezeeka. Unanichelewesha. Mimi naenda, kila mtu abebe maisha yake!' Roboti inamjibu, 'Sawa, mpwa wangu, niache hapa. Betri yangu imekwisha. Mimi sasa ni mzigo.'"

Nelima akageuka kumtazama mzee. Hakufikiri kama Murunga alikusudia. Akishaingia kwenye maiki maneno hutoka yenyewe. Lakini baba yake alikuwa pale mbele, ameshayasikia.

"Uongo!" mzee akasema.

"Nani huyo?" wakauliza nyuma.

"Nimesema uongo. Funga mdomo nisikie."

Oyugi akadakia, "Mzee, kwani unaona?"

"Sioni. Nina masikio. Wewe DJ, rudisha nyuma."

"Baba, tuko kazini," Murunga akasema kwa sauti ya chini, lakini maiki ilikuwa wazi, watu wote wakasikia.

"Mimi nilikuwa kazini kabla hujazaliwa. Rudisha nyuma, punguza mdomo, ongeza spika."

Watoto wakashangilia. Murunga akarudisha. Nelima anasema tangu banda lifunguliwe hawakuwa wamesikia filamu ikijisemea yenyewe. Upepo. Vumbi. Halafu hatua za roboti: du, kirrr. Du, kirrr. Mzee aliinua mkono mmoja, akainamisha kichwa upande. Nelima hakuwa amemwona hivyo tangu aje. Mgongo wenyewe ulikuwa umenyooka.

"Betri gani?" akasema. "Betri ikiisha mashine hunyamaza. Hii inalia. Ni beringi, imekauka grisi. Na ni mguu mmoja tu, ule mwingine uko sawa. Sikieni. Du, hakuna kitu. Kirrr, hapo. Ni goti hilo. Asiilazimishe kutembea, itakata shafti, ile fimbo ya chuma ya ndani. Afungue, aoshe, apake mafuta. Hata ya kupikia yatashika siku mbili tatu."

"Haya, endesha!" Oyugi akasema. "Tuone mwongo ni nani."

Murunga akaendesha. Msichana, badala ya kwenda zake, akarudi. Akapiga magoti kando ya mguu wa kushoto, akaweka sikio pale, uso umekunjwa vile vile. Kumbe haikuwa hasira, alikuwa anasikiliza. Akafungua kifuniko cha goti, akatoa pete ya chuma yenye vigololi, ile beringi yenyewe.

Banda likalipuka. "Ni goti! Ni goti!" Njeri, fundi mmoja wa kushona nguo, alisimama juu ya benchi. Oyugi alikuwa anapiga mabati kwa ngumi: "DJ, keti chini! Mpe mzee maiki!"

"Amepaka nini?" mzee akauliza.

"Mafuta ya mkebe wa samaki, Babu!" watoto wakajibu kwa pamoja. "Alikuwa amebakisha huo mmoja tu!"

"Mmoja tu?" Mzee akageukia walipo watoto. "Sasa yeye atakula nini? Na samaki wa mkebe ana chumvi. Chumvi itakula chuma. Itatembea leo, kesho itaanza tena."

Roboti ikasimama, ikatembea bila kulia, na hapo sehemu ya kwanza ikaisha.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja, Baba," Murunga akasema. "Jumapili moja, sehemu moja."

"Wanaenda wapi hao wawili?"

"Sijui. Sijaangalia."

"Hujui, na umeshika maiki!"

Watu walicheka mpaka nje.

Walipobaki watatu, na Lusweti akicheza chini ya mabenchi, Murunga alikaa karibu na baba yake. "Baba, yale maneno ya mzigo..."

"Ni yako au ni ya filamu?"

"Ni yangu."

"Basi filamu haikuyasema. Wacha hapo." Mzee akanyoosha mkono, akagonga ukuta wa nyuma. "Huku ni nini?"

"Stoo. Naweka spika za zamani."

"Ina mlango wake?"

"Ndiyo, wa nje. Na kufuli."

"Hili banda ni nyumba yako?"

"Hapana, Baba. Hapa ni kazini."

"Mimi nimelala kazini mara nyingi, zamu ya usiku. Hakuna aliyeniambia ni mwiko."

Nelima alielewa kabla ya mume wake. Akaanza kutoa spika.

"Na kesho, Baba?" Murunga akauliza. "Steji?"

"Kesho niende wapi, na ile beringi iko na chumvi?"

Jioni hiyo hiyo walitandika godoro kule stoo. Murunga akafunga kamba ya katani kutoka mlango wa stoo mpaka chooni, mzee akaifuata peke yake mara mbili, kwenda na kurudi, akasema imelegea, ikakazwa. Nelima alipeleka ugali na saga, akaweka mlangoni, akakohoa, akarudi nyuma, kama inavyotakiwa.

Lusweti alilala na tonge mkononi. Murunga, sauti imekauka, alilala bila kuvua soksi. Nelima alikuwa anapanga vyombo aliposikia mzee akiita kutoka kule.

"Mama Lusweti!"

"Naam, Baba."

"Wenye hiyo roboti, waliohama. Kwa nini hawakuibeba?"

"Sijui, Baba. Labda Jumapili tutaona."

"Mm." Halafu tena, "Na huyo mtoto, atakula nini?"

"Hilo pia sijui."

 Nelima akasikiliza mpaka akasikia mzee anakoroma, mkoromo mrefu wa mtu aliyenyoosha miguu. Akazima taa, akamsogeza Lusweti ukutani, naye akalala.