Waya wa Njano na Keki ya Ghorofa Nne

Karani alikuwa amestaafu mahakamani, lakini mahakama ilikuwa bado haijamstaafu. Hata mkewe akimwambia chumvi imekwisha, yeye hutaka kujua imekwisha lini na mbele ya nani. Kwa hiyo ilipotimia miaka mitatu tangu harusi ya binti yao, na kesi ya keki haijapata hukumu, aliona aibu hiyo ni yake peke yake.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya harusi keki ya ghorofa nne ilisimama mezani kama jumba la tajiri. Kabla maharusi hawajashika kisu, kitambaa cha meza kikavutwa, jumba likaporomoka. Dada yake Karani, yaani shangazi wa bibi harusi, akasema aliyevuta ni mkwe wao, mama wa bwana harusi. Mkwe naye akaapa kwa viapo vyote anavyovijua kwamba ni shangazi. Maharusi walicheka tu, wakaenda zao kuanza maisha, na sasa walikuwa na mtoto anayetembea. Lakini mama hao wawili walibaki paka na panya. Wakikutana msibani, mmoja hukaa upande huu na mwenzake upande ule, na maiti katikati hana raha.

Ushahidi ulikuwepo: DVD ya harusi. Tatizo ni kwamba kila ilipowekwa kwenye deki na kufika dakika ya thelathini na nane, kilichoonekana ni doa la rangi ya matope likipita mbele ya meza, na nyuma yake keki ikilala chini. Hapo ugomvi huanza na deki huzimwa. Shangazi alimwona mkwe ndani ya doa. Mkwe alimwona shangazi. Karani aliona doa.

"Kosa si la mashahidi," alimwambia mkewe. "Kosa ni la waya."

"Kosa ni la keki za ghorofa," mkewe akajibu, akiendelea kukunja nguo.

Karani akachora mgongo wa televisheni kwenye karatasi, kila tundu na rangi yake, kisha akachora mgongo wa deki, akazipeleka karatasi zote mbili kwa fundi. Fundi alikuwa mwanamama mpole mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Alizitazama zile karatasi kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgonjwa.

"Baba, huu wa njano mnaotumia unabeba picha nzima kwenye uzi mmoja," alisema. "Ni watu mia kwenye mlango mmoja. Lazima wakanyagane, ndiyo maana unaona chenga. Sasa hizi pini tatu, kijani, buluu na nyekundu, zimegawana mzigo. Picha inakuja safi. Lakini sauti utaichomeka pembeni, kwa nyekundu nyingine na nyeupe."

"Na huu wenye kichwa bapa?" Karani akauliza, akigusa waya mwingine mezani.

"Huo ni HDMI. Picha na sauti njia moja, hakuna anayekanyagwa. Kama deki yako ina tundu lake, usihangaike na mwingine."

Karani akanunua zote, kwa sababu hakuna hakimu anayesikiliza shahidi mmoja. Akawaita wahusika waje Jumamosi saa nne asubuhi. Yeye mwenyewe aliamka mapema, akavuta televisheni kutoka ukutani, akafungua daftari na kuanza kusikiliza mashahidi.

Alianza na zile pini tatu. Picha ilipotokea, wageni wote wa harusi walikuwa kijani, kama matunda yaliyochumwa kabla ya siku zao, na spika ikanguruma kama trekta. Karani akaandika: *Shahidi wa pili anasema uongo.* Baada ya kupiga magoti nyuma ya televisheni kwa muda mrefu akagundua kwamba nyekundu ni mbili na yeye amezibadilisha, ya picha ameipeleka kwa sauti na ya sauti kwa picha. Akafuta alichoandika, akaomba radhi kwa sauti ya chini, akachomeka upya. Nyuso zikarudi kuwa za watu. Doa nalo likapata mgongo, na mgongo ukapata koti.

"Koti!" alisema Karani. Mama wote wawili siku ile walivaa magauni.

Akachomeka HDMI. Televisheni ikabaki nyeusi hadi alipokumbuka kuibadilishia tundu kwa rimoti. Kisha ikawaka, safi mpaka unaweza kuhesabu vishikizo. Dakika ya thelathini na nane mwanamume wa makamo, mwenye koti la kahawia na kipara kilichopakwa mafuta, aliinama kuokota kalamu. Kifungo cha mkono wa koti kikanasa kwenye kitambaa cha meza. Mwanamume akainuka, akaondoka kwa hatua za mtu mwenye shughuli, na jumba likamfuata. Kishindo kiliposikika akageuka, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele: "Nani huyo?"

Karani aliirudisha picha mara saba. Kila mara alitumaini kwamba safari hii atapita mbali kidogo na meza. Hakupita.

Mlango ukagongwa. Alichomoa HDMI, akauficha chini ya mto wa kochi, akaukalia, kisha akakumbuka kwamba hajachomeka wa njano, akaamka, akauchomeka, akarudi kukaa. Shangazi akaingia na kuketi kushoto. Mkwe akaingia na kuketi kulia. Mke wa Karani akaegemea mlango wa jikoni, taulo mkononi.

"Baada ya uchunguzi wa kina," Karani alisema akijipangusa jasho, "imebainika kwamba waya ulio bora kuliko zote ni wa njano."

"Uleule?" shangazi akauliza.

"Uleule. Una busara. Nyaya nyingine ni wambea, hazijui la kusema na la kunyamazia."

Akabonyeza rimoti. Doa likapita, keki ikalala. Wote walisubiri ugomvi, lakini mkwe alishusha pumzi ndefu.

"Mimi nimechoka, jamani. Mjukuu wetu mmoja, halafu bibi zake hawasalimiani. Haya, ni mimi. Niliangusha mimi. Andika."

Ungedhani shangazi atashangilia. Badala yake alivimba. "Unanionea huruma? Nani kakuomba? Niliangusha mimi!"

"Wewe ulikuwa huko mbali!"

"Mbali wapi? Nilivuta kwa mkono huu!"

"Mkono wenyewe hauwezi hata kufungua chupa! Ni mimi!"

Miaka mitatu kila mmoja alikana kosa, sasa waliligombania kama kiti cha mbele. Karani alivumilia mpaka waya wa HDMI ukaanza kumchoma makalioni, au ni dhamiri, hakujua. Akasimama, akautoa, akauchomeka mbele yao. Wakamwona mwenye koti, kifungo, kitambaa, kishindo. "Nani huyo?" akauliza Karani wa kwenye televisheni.

"Ni mimi," akajibu Karani wa sebuleni.

Kisha mkwe akatikisa kichwa. "Huyo si wewe, baba."

"Koti langu. Kipara changu. Sauti yangu!"

"Waya huu umezidi kuona," shangazi akasema. "Hata fundi hawezi kuwa na macho hayo. Na kaka yangu ndiye aliyepiga kelele kwanza. Tangu lini mwizi akapiga kelele za mwizi?"

"Kabisa, bibi mwenzangu!" mkwe akadakia. Lilikuwa neno lao la kwanza kukubaliana.

Karani alijishtaki, akajitolea ushahidi, akawaonyesha kifungo kwa kidole kwenye kioo. Wakamwachilia huru kwa sauti moja. Hatimaye alimgeukia mkewe kama mtu anayezama.

"Ni yeye," mkewe alisema kwa utulivu. "Koti nililifua mimi. Kifungo kilikuwa kimejaa krimu."

"Miaka mitatu! Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Wewe ulikuwa unatafuta waya."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akamlalia mkwe begani bila kufikiri, na mkwe naye akapasuka. Karani alisimama katikati, hajui kama amehukumiwa au amesamehewa.

Katika vurugu hiyo hakuna aliyeshika rimoti, na DVD ikaendelea. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona dakika ya thelathini na tisa. Bibi harusi alikuwa ameketi sakafuni na shela lake, akichota keki kwa vidole na kumlisha mumewe. Mtu mmoja alikuwa akicheza na bakuli kichwani. Pembeni mama wawili waliteleza kwenye krimu, wakashikana mikono wasianguke.

"Ee, kumbe nilikuwa na kiuno," mkwe akasema, akisogea mbele.

"Sogea basi, na mimi nione," shangazi akasema. "Imebaki kiasi gani?"

Karani alitazama namba kwenye deki. "Dakika hamsini na moja."

"Leta chai," dada yake akamwambia. "Na usipite karibu na meza."