Hakutaka Nisimamishe Gari

Kila asubuhi, kabla sijawasha gari, nawaambia wageni mambo yaleyale. Kunywa maji kabla ya kiu. Vaa kofia pana. Mwenye dawa za presha au za moyo aseme sasa, maana nyingine hukausha mwili. Mwenzako akiacha kutokwa na jasho, au akianza kusema ovyo, niambie hapohapo. Nimeyasema miaka kumi na minne. Shule niliishia darasa la sita, lakini hayo nayajua kuliko jina langu.

Mama yangu sikumwambia hata moja.

Alikuja kumwona mjukuu ambaye hajawahi kumshika. Kwetu ni mvua na ukungu. Huku mvua tunaisikia redioni. Nilikuwa nimewashusha wageni uwanja wa ndege, gari linarudi tupu, nikampitia stendi. Safari ni mwendo wa saa saba. Alikaa mbele, mkoba mapajani, ameukumbatia kama utaibwa.

"Zima huo upepo wako wa barafu," akasema. "Unanichoma kifua."

Nikazima kiyoyozi, nikashusha vioo. Hewa ikaingia kama ya tanuri. Nikampa chupa ya maji, akashukuru.

"Hao wageni wako wanasumbua?"

"Wa juzi nilisimama mara saba, mama! Watu wazima, vibofu vya kitoto. Ningeweza ningewafunga nepi."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatazama nje: mawe, vumbi, hakuna hata kichaka.

"Na wanawake?"

"Nyuma ya gari. Nani atawaona?"

"Toba! Mimi huko hunipati, baba. Wala sitakusimamisha."

Nikacheka. Nilidhani ni utani tu.

Kila nilipomkumbusha maji, alinyanyua chupa mdomoni. Macho yangu yalikuwa barabarani. Saa nane mchana nikamgeukia. Uso wake mkavu kabisa, na mimi shati limeniganda mgongoni.

"Mama, umewashinda wageni wote! Hata jasho huna!"

Niliyasema hayo kwa mdomo uleule unaowaonya watu kila asubuhi. Tena kwa kujivuna. Niliona sisi wa kwetu tuna miili migumu.

Baadaye kidogo akaniuliza kama baba ameshafunga mbuzi. Baba ana miaka tisa kaburini. Hapo ndipo nilipokanyaga breki. Nilimmwagia dumu zima la maji, nikampepea kwa kofia aliyoisahau mgeni mmoja kwenye kiti. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama boneti. Nikamlaza kiti cha nyuma, nikaendesha kama kichaa.

Zahanati ya kwanza ilikuwa mwendo wa saa nzima.

"Anatumia dawa gani?" muuguzi akauliza.

Sikujua. Watu nisiowajua nawauliza kila siku, mama yangu sikuwahi kumuuliza.

Jioni hakuiona.

Mke wangu ndiye aliyefungua ule mkoba. Ndani mlikuwa na sweta ndogo ya sufu, aliyoifuma mwenyewe kwa ajili ya mjukuu. Sweta, katika nchi hii. Mlikuwa na vidonge vya presha, vile vinavyompeleka mtu msalani kila mara. Na mlikuwa na chupa yangu, imejaa mpaka shingoni.

"Hakunywa," mke wangu akasema. "Mbona hakunywa?"

Nilijua. Nikashindwa kumwambia, na mpaka leo sijamwambia.

Mtoto tulimvisha ile sweta mara moja. Alilia kwa joto, tukamvua. Iko kabatini.

Siku hizi nasimama kila baada ya nusu saa. Nimenunua turubai na nguzo mbili, nalifunga nyuma ya gari, mtu anajisitiri vizuri. Bosi ananung'unika kwamba tunachelewa kufika. Namwacha anung'unike.

Jana nilisimama karibu na pale nilipokanyaga breki siku ile. Nikafunga turubai, nikafungua milango, nikangoja. Hakuna aliyeinuka. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye mvi, akanitazama.

"Dereva, mbona hakuna aliyeomba kushuka?"

"Najua," nikamwambia. "Shuka tu, mama."