Mlio wa Sidra

Telva alikuwa na hasira tangu asubuhi, na hakukasirika bure. Miaka kumi na mmoja amepogoa miti ya shangazi yake Olvido, ameokota matufaha mvua ikimnyea, amekamua, amejaza mapipa. Kaka yake Celesto alikuja kutoka mjini Oviedo msimu mmoja tu, akajaza pipa lake kwa matufaha yale yale, kisha akadai arithi yeye. Shangazi alipochoshwa na kelele akasema ataonja sidra zote mbili, ile pombe ya matufaha ya kila mmoja wao. Mwenye bora atapewa ufunguo wa nyumba ya kukamulia, na shamba pamoja nao.

Siku ya kuonja, bibi huyo aliketi mlangoni kwenye jua. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Celesto akajifanya mmiminaji bila kuombwa, maana kwake kumimina ilikuwa kazi ya wanaume.

Chupa yake aliiinua juu ya kichwa, bilauri akaishika chini usawa wa paja. Sidra ikashuka kwa uzi mmoja, ikapasuka ukingoni. Shangazi akanywa upesi, akabakiza tone la kusuuzia ukingo, akalimwaga sakafuni.

"Imechangamka," alisema.

Ikaja zamu ya chupa ya Telva. Safari hii mkono wa Celesto haukuvuka kifua, na sidra ikatiririka taratibu mpaka katikati ya bilauri.

Shangazi akaonja. "Hii imelala."

Telva alihisi damu ikimchemka. Sidra isiyoanguka kutoka juu haiamki, hata mlevi wa kijiji analijua hilo.

"Kaka, umemimina kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye chupa. Ulitaka nimimine kutoka kwenye kiatu?"

"Huna haya. Mama wa watu haoni, nawe unamchezea."

"Kubali yaishe, mdogo wangu. Pombe yako imepooza."

Telva alimpokonya chupa zote mbili. Akaiinua ya kwake mpaka bega likamuuma, akaimimina kwa pupa, nusu ikaishia sakafuni. Shangazi akanywa, akairudisha bilauri.

"Nipe na ya huyo," alisema.

Telva aliishika chupa ya kaka yake, na shetani akamnong'oneza ashushe mkono. Akauinua zaidi. Haukuwa wema. Alitaka kumshinda kwelikweli, amwaibishe mchana kweupe.

Shangazi aliponywa, Telva akajimiminia naye, akaonja. Ilikuwa na ukali safi, na ladha yake ilikawia mdomoni. Ilikuwa bora kuliko yake, na hilo lilimchoma kuliko ule udanganyifu.

"Ya Celesto ndiyo bora," alisema shangazi.

Celesto akacheka, akanyoosha kiganja. Bibi akatoa ufunguo mfukoni mwa aproni, akapapasa mpaka akaupata mkono wa Telva, akauweka humo.

"Shangazi, si umesema yangu ndiyo bora?"

"Nimesema. Lakini mtoto wa jicho yuko machoni, hayuko masikioni. Miaka themanini nasikia sidra ikimiminwa. Yako ulipoimimina ililia. Ya mwenzio ukaipitisha kimya kimya. Mtu wa kuiua sidra ya shamba langu makusudi, hapa hashiki pipa."

Telva hakushukuru. Alimgeukia kaka yake, ufunguo ukimkata kiganja kwa jinsi alivyoubana.

"Ungeshinda," alimwambia, machozi ya hasira yakimtoka. "Mpumbavu wewe, ungeshinda."