Alinibana Kidole

Haya nayaandika kwa mama mwenzangu ambaye mwanawe yuko hospitali, na simu iko mkononi. Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo sitazungukazunguka.

Mwanangu wa pili alikuwa fundi wa mafriji, mtaani wakimwita Barafu. Alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga kiyoyozi ghorofa ya pili, akapiga kisogo. Siku ya tatu bado alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, bomba mdomoni, mashine inampulizia. Kifua kinapanda, kinashuka. Mwili una joto. Ukimwangalia unasema huyu amelala tu.

Asubuhi hiyo zamu ya kuingia ilikuwa yangu. Nikaweka kidole kwenye kiganja chake, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mchanga, akakibana. Sikumuuliza muuguzi. Nikatoka mbio hadi kwenye korido, nikarekodi sauti kwenye kundi la familia: "Barafu amenibana kidole. Anarudi. Tulieni."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kaka yake mkubwa ni dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuwa ameshaomba ruhusa, yuko stendi na begi, anakuja. Akanijibu huku anacheka: "Mwambie huyo mvivu aache kujilaza. Napeleka mzigo huu mmoja, nikirudi nimkute amesimama." Akageuza. Safari ya siku mbili kwenda tu.

Haikupita saa, mkwe wangu, mke wa Barafu, akatoka ofisi ya daktari. Alikaa karibu nami kwenye benchi, akazungumza polepole.

"Mama, wanasema ubongo wake umekufa. Leo mchana wanampima mara ya mwisho."

"Amekufa nani? Mimi amenishika."

"Nimewaambia. Wanasema ni mishipa ya uti wa mgongo, inakunja vidole yenyewe bila ubongo."

"Na wewe ukakubali? Una haraka ya nini?"

Akaniangalia. "Mama, nina siku tatu kwenye benchi hili. Haraka yangu iko wapi?"

Nilishika simu tena, nikaandika kwenye kundi kwamba mke anataka mashine izimwe. Niliandika hivyo hivyo, naye amekaa ubavuni kwangu. Yeye pia yumo kwenye kundi. Simu yake ikalia, akasoma, akaifunika juu ya paja. Wifi yake, binti yangu, alishaandika, "Tulijua tu."

Saa nane daktari alikuja, mama mmoja mfupi mwenye miwani. Akasema mtu mmoja wa familia anaweza kushuhudia. Mimi nilidhani mkwe atasimama, maana ndiye mke. Akasema, "Aingie mama."

Walinisimamisha miguuni pa kitanda. Daktari akanieleza: wataitoa mashine, watamwachia hewa safi kwa kibomba chembamba, halafu wataangalia kama atavuta pumzi mwenyewe. "Kama kuna kitu chochote kilichobaki kwenye ubongo, mama, kitamlazimisha kuvuta."

Wakachomoa. Kifua kikashuka, kikatulia.

Mimi nilikuwa nimebana pumzi bila kujua. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Dakika ya kwanza nikasema moyoni, anajiandaa. Dakika ya tatu nikaona ngozi chini ya titi la kushoto inatikisika.

"Hapo," nikasema. "Hapo, ameanza."

"Huo ni moyo, mama," muuguzi akasema. "Angalia tumbo, angalia mbavu."

Nikaangalia mbavu. Dakika ya tano. Ya saba. Nilikuwa namwambia kimoyomoyo, vuta mwanangu, vuta mara moja tu, hata ya kukohoa. Mtu aliyekuwa anahema chumba kile ni mimi. Dakika ya kumi daktari akachukua damu ya kupima, wakairudisha mashine, na kifua kikaanza tena kupanda na kushuka vizuri kama asubuhi. Ndipo nikaelewa ni nani aliyekuwa anapumua siku zote tatu.

Majibu ya damu yalitoka, daktari akaandika saa ya kifo. Alituambia mashine inaweza kukaa hadi kesho mchana tu, maana presha ilikuwa inashuka na moyo ungesimama wenyewe. Kaka mtu asingefika.

Mkwe akachukua simu ampigie. Nikamnyang'anya.

"Mama, mwambieni huyo mwanamke asiguse kitu," mwanangu akasema kabla hata sijamsalimia. "Wewe mwenyewe umesema amekubana kidole."

"Alinibana. Lakini hakuwepo. Nimemwangalia dakika kumi, hakuvuta hata moja."

"Kwa hiyo nani anataka kuzima?"

Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa. Anasikia kila neno.

"Mimi," nikasema. "Mke wa ndugu yako hajasema lolote. Nilimsingizia. Mimi ndiye ninayesema wazime, na mimi ndiye niliyekurudisha njiani."

Nikasikia injini ya lori. Kisha akakata. Nikarekodi maneno yale yale kwenye kundi, wote wasikie kwa sauti yangu. Kesho yake saa sita tukaingia wawili, mkwe upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, tukamwambia muuguzi tuko tayari.

Mwanangu mkubwa alifika tumeshazika. Mama mwenzangu, mgonjwa akikushika mkono, mshike, kisha mwite muuguzi umuulize. Simu ikae kwenye mkoba.

Wiki iliyopita mwanangu mkubwa alimpigia shemeji yake, mimi nachambua mchele pembeni. Nikamsikia anauliza, "Mama anakula?"

"Yuko hapa," mkwe akasema. "Muulize mwenyewe."

Akasema yuko barabarani, atapiga baadaye.