Kivuli Katika Safu ya Nyuma

Mwadhini wa msikiti wa ng'ambo ya barabara alipokohoa kwenye kipaza sauti, mshona kola alikuwa akibadilisha uzi. Mlango wa karakana ulikuwa na kufuli, kama kila mchana tangu msimamizi aondoe mapumziko ya adhuhuri. Ulifunguliwa magharibi ikishapita.

"Dakika kumi tu, bosi. Nitazifidia," alikuwa amemwomba.

"Mungu anajua uko kazini," msimamizi alimjibu.

Siku hiyo kivuli cha mshona kola kilichoka kusubiri. Kilikuwa kifupi, kimejikunyata chini ya kiti. Kikajinyoosha, kikapenya chini ya mlango kama karatasi, kikavuka barabara. Mwenyewe akaendelea kushona. Alihisi ubaridi kidogo nyayoni, basi.

Usiku wifi yake, mfagizi wa msikiti, alimwambia huku akichambua mchele, "Wifi, leo kivuli chako kimesali ubavuni mwangu. Kina utulivu kukushinda wewe."

"Kilitia udhu?"

"Kilitia. Hakikulowa, lakini kilitia."

Mshona kola akashusha pumzi. Tangu hapo, kila adhuhuri, aliuhisi mkeka kwenye paji la uso, ilhali hajainuka kitini. Aliona afadhali hivyo kuliko kukosa kabisa. Wenzake waliposikia, nao wakaviruhusu vyao. Ijumaa vilitoka kumi na vinne.

Msimamizi aligundua kwa sababu sakafu iling'aa kupita kiasi. Hakushangaa.

"Kumbe vina nafasi," alisema.

Akaagiza mpira wa kuziba chini ya mlango, na cherehani kumi na nne zaidi. Vivuli vikakalishwa. Vilishona vizuri, mshono umenyooka, bila kwenda msalani.

"Safu ya nyuma ina pengo," wifi yake alisema wiki hiyo. "Imamu katuambia tusogee tulizibe."

"Mkasogea?"

"Mpaka mabega yakaumana. Halikuzibika."

Mshona kola alitawadha, akatandika mswala karibu na taa, aanze kulipa adhuhuri ya siku hiyo. Alipoinua mikono kuhirimia sala, ukutani hapakuinuka kitu. Akatazama chini. Kivuli kilikuwa kimelala miguuni pake, kimejikunja, vidole vimevimba kwa sindano.

Hakukiamsha. Alisali peke yake, polepole, akichunga asikikanyage. Kesho zamu yao ilikuwa inaanza alfajiri.